Magamba ya konokono wa leo na visukuku vyao kando ya Ziwa Turkana: je, tofauti tunazoziona ni mageuzi?

Mwalimu wa Turkana aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari karibu na Lodwar, na nimekuja hapa na swali ambalo mwanafunzi wangu aliniuliza nikashindwa kulijibu kwa uhakika. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu ufukweni mwa Ziwa Turkana, upande wa Kalokol, ili wajionee viumbe wa ziwani badala ya kuwasoma vitabuni tu. Walijaza mfuko mzima magamba ya konokono yaliyoachwa na mawimbi. Tulipokuwa tunarudi kuelekea barabarani tulipita kwenye kituta cha mchanga na changarawe kilicho mbali sana na maji ya leo, na pale tukakuta magamba mengine mengi yakichomoza ardhini, meupe kama chokaa, nayo yana umbo lilelile: marefu, yaliyochongoka, yenye mizunguko mingi na vinundu vidogo vidogo vilivyopangika mfano wa shanga. Kwa kadiri nilivyoweza kutambua, yote ni ya konokono anayeitwa Melanoides tuberculata.

Darasani tuliyapanga mezani, ya ufukweni kushoto na ya kitutani kulia. Yale ya kitutani yalionekana mazito zaidi, mapana zaidi kwa kimo chake, na vinundu vyake vimejitokeza kuliko vya yale mengine. Ndipo binti mmoja akaniuliza: "Mwalimu, huyu wa kale ndiye babu wa huyu wa leo, au ni mwingine kabisa aliyefanana naye?"

Naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, je, tofauti hizi zinatosha kumwambia mwanafunzi kwamba ameyaona mageuzi kwa macho yake? Pili, nimewahi kusikia kwamba konokono wa Turkana walipata umaarufu katika mjadala mkubwa wa wanasayansi kuhusu namna spishi mpya zinavyotokea. Mjadala huo ulihusu nini hasa, na hoja zake zimesimama mpaka leo?

Mpenda Konokono, Nairobi, alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kuwatoa wanafunzi darasani, na umfikishie pongezi zangu yule binti, kwa sababu swali lake ndilo ambalo watu wenye maabara kamili wamelihangaikia kwa miaka mingi.

Kabla ya kulinganisha gamba la kale na la leo, hakikisha kwanza kwamba hilo la leo ni la leo kweli. Ziwa Turkana halikuwa na kimo hiki siku zote. Katika kipindi cha mvua nyingi kilichokwisha takriban miaka 5,000 iliyopita, maji yake yalikuwa juu kuliko sasa kwa mita 90 hadi 100 hivi, na yalifurika upande wa kaskazini magharibi kupitia uwanda wa Lotikipi hadi kuungana na mto Nile. Mchanga na matope ya ziwa lile la zamani ndiyo yanayoitwa na wanajiolojia tabaka za Galana Boi, na kituta mlichopita kina kila dalili ya kuwa ni ufuko wake wa zamani. Sasa fikiria kinachotokea mvua inaponyesha na laga (mito ya msimu) zikafurika: maji huyachomoa magamba ya kale kutoka kwenye vituta, huyasukuma hadi ziwani, na mawimbi huyarudisha ufukweni yakiwa yamechanganyika na ya konokono waliokufa wiki iliyopita. Mfuko wenu wa ufukweni unaweza kuwa na magamba ya zama mbili tofauti kwa maelfu ya miaka, nanyi mkayaita yote ya leo.

Yamwageni mezani upya na myatenge. Gamba la konokono aliyekufa karibuni bado lina ngozi nyembamba ya nje yenye rangi ya kahawia, na katika Melanoides mara nyingi utaona michirizi au madoa mekundu ya hudhurungi. Tazama ndani ya mdomo kwa kioo cha kukuzia: ukikuta kile kifuniko cheusi kama kucha, au mabaki ya nyama iliyokauka, hapo huna shaka tena. Gamba lililopauka lote, lisilong'aa hata ndani ya mdomo, na lenye mchanga uliogandamana kwenye mizunguko ya ndani, lisiingizwe katika kundi la leo hata kama mmeliokota majini.

Baada ya hapo ndipo mpime. Shika gamba ncha ikiwa juu na mdomo ukikutazama. Katika konokono wengi mdomo utakuwa upande wako wa kulia. Ukiwa kushoto, na gamba ni dogo lenye mizunguko iliyovimba, huenda umeshika Bulinus, jamaa ya wale wanaobeba vimelea vya kichocho, na hilo ni somo jingine zuri la darasani (lakini wanafunzi wasiingie maji yaliyotuama kuwatafuta walio hai). Kwa Melanoides, usitegemee kimo kizima cha gamba, kwa sababu ncha yake mara nyingi huliwa na maji konokono akiwa bado hai, hivyo unayepima kimo unapima kilichosalia, wala si alichokuza. Anzia mdomoni ukielekea juu: pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene na upana) upana wa mzunguko wa mwisho, kimo chake, na kimo cha mdomo, kisha hesabu mbavu au safu za vinundu katika mzunguko huohuo. Fanya hivyo kwa makumi ya magamba kila upande, si kwa matatu yaliyopendeza. Ninasisitiza hili kwa sababu mkono wa binadamu huokota kilichojitokeza, na kwenye kituta cha kale magamba mazito ndiyo yanayodumu. Yale membamba yameshavunjika na kuwa unga. Uzito mliouona unaweza kuwa ni uzito wa walionusurika tu.

Mjiolojia wa Bonde la Ufa alijibu:

Nitalijibu swali la pili, kwa kuwa ndilo lililonivuta katika kazi hii.

Upande wa mashariki wa ziwa, Koobi Fora, kuna tabaka nene za mchanga na matope ambamo magamba ya konokono na kombe wa maji baridi yamelala kwa wingi wa ajabu, safu juu ya safu. Kilichozipa thamani ni majivu ya volkano yaliyoanguka kati yake kila baada ya muda, kwa sababu majivu hayo yanaweza kupimwa umri kwa kutumia potasiamu na agoni. Lile linaloitwa jivu la KBS, kwa mfano, lina umri wa karibu miaka milioni 1.87. Ni sehemu chache sana duniani ambako mtu anaweza kupanda kilima hatua kwa hatua huku akitazama konokono wa ukoo mmoja wakipita mbele yake kwa mamilioni ya miaka.

Mtafiti wa visukuku Peter Williamson alifanya hivyo hasa, na mwaka 1981 akachapisha matokeo yake katika jarida la Nature. Alifuatilia nasaba 13 za konokono na kombe, akapima maumbo yao tabaka baada ya tabaka. Alisema kwamba kwa muda mrefu mno magamba hayakubadilika kwa lolote la maana. Kisha, katika tabaka chache ambamo ziwa lilionekana kupungua na kutengwa, hasa karibu na jivu la Suregei, yakatokea maumbo mapya kwa ghafla. Neno ghafla hapa ni la kijiolojia, maana yeye alikadiria miaka 5,000 hadi 50,000. Baadaye ziwa lilipojaa tena, maumbo yale mapya yakatoweka na yale ya zamani yakarudi. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1972, wataalamu wa visukuku Niles Eldredge na Stephen Jay Gould walikuwa wametoa hoja kwamba spishi hukaa zimetulia kwa muda mrefu na kubadilika kwa kishindo cha muda mfupi, hivyo konokono wa Turkana wakapokelewa kama ushahidi uliokuwa ukisubiriwa.

Upinzani haukuchelewa. Mwaka 1983 Fryer, Greenwood na Peake waliandika uchambuzi mrefu wakiuliza swali ambalo ni lilelile la mwanafunzi wako, Mwalimu: tutajuaje kwamba maumbo haya ni spishi mpya, na si konokono walewale waliokua katika maji mabaya? Gamba hubeba hadithi ya maji yaliyolijenga. Chumvi ikizidi, kalsiamu ikipungua au joto likipanda, konokono mmoja anaweza kujenga nyumba isiyofanana na ya mama yake, ilhali damu ni moja.

Kisha mwaka 2008 Bert Van Bocxlaer, Dirk Van Damme na Craig Feibel waliirudia kazi yote kwa vipimo vipya. Wao walifika mahali ambapo wengi hatukutarajia: maumbo mengi yaliyoitwa mapya hayakuzaliwa pale ziwani, bali yalikuwa ya wageni walioingia kutoka nje ya bonde, wakiwa tayari wamezoea maisha ya ziwa, wakakaa na kutoweka mazingira yalipobadilika. Mimi naona hoja yao ina nguvu zaidi. Ile picha ya kisukuku kinachogeuka mbele ya macho yako ilikuwa ni picha ya mlango unaofunguka na wageni kuingia.

Dada wa Kigoma alijibu:

Kaka Mjiolojia ameeleza vizuri, ila kwa heshima zote naomba nisikubali kwamba jambo limekwisha. Hata ukiondoa maumbo yote ya wageni, linabaki lile la kwanza ambalo watu hulisahau: kwamba konokono wengine wa Turkana walipita mamilioni ya miaka magamba yao yakibaki yanatambulika. Kutobadilika nako kunahitaji maelezo, tena kwangu mimi kunashangaza zaidi kuliko kubadilika.

Mwalimu, huku kwetu Ziwa Tanganyika tulishapata funzo chungu kuhusu kulinganisha magamba ya leo na visukuku. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Speke alipofika ziwani alichukua magamba, na wataalamu wa Ulaya walipoyaona walistaajabu, kwa kuwa yalikuwa manene, yenye miiba na mbavu kama ya baharini. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa wanyama J. E. S. Moore akaja kuyachunguza, akayaweka kando ya visukuku vya bahari ya zama za Jurasiki. Aliona konokono wa jenasi kama Paramelania wanafanana mno na wale wa kale, na mwaka 1903 akatetea kwamba ziwa letu ni mabaki ya bahari ya kale iliyofungiwa ndani ya bara. Ufanano aliouona ulikuwepo kweli, hakubuni. Lakini Ziwa Tanganyika lina umri wa takriban miaka milioni 9 hadi 12 tu, ilhali zama za Jurasiki zilikwisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita, na jamaa wa karibu wa konokono wetu ni wa maji baridi.

Sasa unene na miiba ile vilitoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu inatembea kwa miguu minane na magando mawili. Kaa wa ziwani wa jenasi Platythelphusa hula konokono kwa kulivunja gamba kuanzia mdomoni. Ukiokota gamba la Lavigeria, konokono mwingine wa ziwa hili, ufukweni hapa Kigoma na kuligeuzageuza juani, mara nyingi utaona kovu: mstari uliopinda kwa kona kali ukikatiza mbavu zote, na baada yake mbavu zinaanza upya kwa mpangilio uliopotoka kidogo. Pale kaa alijaribu akashindwa, konokono akajifungia ndani, akaponyoka na kuendelea kujenga. Mwaka 1991 Kelly West na wenzake walionyesha jinsi magamba mazito ya Tanganyika na magando mazito ya kaa wake vilivyokua pamoja, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Kwa hiyo ukikuta gamba zito kitutani, uliza pia nani alikuwa anamla konokono yule.

Na kuhusu Melanoides tuberculata mwenyewe, kuna jambo ambalo linabadili kabisa namna ya kulijibu swali la binti yako. Konokono huyu kwa kawaida ni majike watupu: mama huzaa watoto hai bila dume, na watoto humfanana yeye. Matokeo yake ni kwamba ziwa moja laweza kuwa na koo kadhaa zilizotengana, kila ukoo na umbo lake la gamba, zikiishi pamoja bila kuchanganya damu. Ukoo mmoja ukifa na mwingine ukashika nafasi yake, tabaka la matope litaonyesha badiliko la ghafla, ilhali hakuna hata konokono mmoja aliyebadilika. Hili si la kufikirika. Katika Ziwa Malawi, Martin Genner na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba Melanoides wa asili ya Asia ameingia na kuenea, na kwa kuwa alifanana mno na wenyeji, hakuna aliyemshtukia mpaka vinasaba vyake vilipopimwa. Fikiria mtu wa miaka milioni moja ijayo, asiye na vinasaba, akiwa na magamba matupu mkononi.

Mkemia wa Dar es Salaam alijibu:

Naongeza la kwangu kwa ufupi, kwa kuwa maumbo yameshughulikiwa ipasavyo.

Gamba linaweza kulinganishwa pia kwa kile kilichomo ndani yake. Magamba ya konokono wa nchi kavu na maji baridi hujengwa kwa kalsiamu kaboneti ya aina ya aragoniti, ambayo haitulii daima; maji yakipenya ardhini kwa muda mrefu hugeuka kalsiti, na gamba lililogeuka hivyo haliaminiki tena kwa vipimo vya kikemia hata kama umbo lake ni kamili. Lililosalia aragoniti, hata likiwa na umri wa mamilioni ya miaka, bado limehifadhi uwiano wa isotopu za oksijeni (yaani oksijeni nyepesi na nzito) wa maji aliyoishi konokono. Ziwa linapokauka, oksijeni nyepesi hutangulia kuondoka na mvuke, na nzito hubaki na kuingia katika gamba. Paul Abell alitumia njia hii kwa magamba ya Turkana na kuchapisha mwaka 1982 taarifa juu ya tabianchi ya kale ya ziwa hilo. Ndiye mwanakemia yuleyule aliyeiona alama ya kisigino cha binadamu wa kale huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1978, alipokuwa na timu ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey.

Na Laetoli penyewe pana konokono wa nchi kavu waliolala katika majivu yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6, wakiwemo wa jenasi Achatina na Limicolaria ambao wajukuu zao tunawaona shambani kila masika. Kule ulinganishaji hutumika kwa namna nyingine: tukishajua konokono wa leo anahitaji msitu au nyika, tunamtumia kisukuku kujua kama pale palikuwa na miti. Bernard Verdcourt alifanya hivyo pia kwa visukuku vya kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, vya karibu miaka milioni 18, katika kazi yake ya mwaka 1963. Ni njia nzuri, mradi ukumbuke kwamba inakubali tangu mwanzo kuwa tabia ya konokono haikubadilika.

Mwalimu wa Turkana alirudi:

Ndugu zangu, nashukuru kutoka moyoni. Nimesoma majibu yenu yote mbele ya darasa, na tumefanya kama Mpenda Konokono alivyoelekeza. Tuliumwaga mfuko wa ufukweni juu ya gazeti na kutenga magamba moja moja kwa kioo cha kukuzia. Ilituchukua vipindi viwili. Sehemu kubwa ya tuliyoyaita ya leo yalikuwa yamepauka mpaka ndani, na yale yenye rangi na kifuniko yakabaki rundo dogo ambalo lingeenea kiganjani. Tulipopima mzunguko wa mwisho wa hayo machache na kuyaweka karibu na ya kitutani, tofauti ya upana ilipungua sana, lakini vinundu vya kitutani bado vimejitokeza zaidi. Yule binti ameandika katika daftari lake: "Huenda ni maji, huenda ni ukoo mwingine, huenda ni babu." Nimempa alama zote.

Tunakusudia kurudi. Je, tuchimbe kidogo kwenye kituta ili tupate magamba ambayo hayajavunjika?

Mpenda Konokono, Nairobi, alijibu:

Hapana Mwalimu, msichimbe. Sheria ya Makumbusho za Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inataka kibali kwa utafutaji wa aina hiyo, na hata bila sheria, gamba likishang'olewa kwenye tabaka lake bila kumbukumbu limepoteza nusu ya habari zake. Pigeni picha yakiwa palepale ardhini, mkiweka rula kando, na mwandike umbali kutoka majini na kimo cha kituta. Rundo mlilonalo tayari litengeeni bahasha, na katika kila bahasha mtie kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino hufifia: mahali, tarehe, nani aliokota, na kama lilikuwa juu ya mchanga au limekwama ndani yake. Kwa kundi la leo, mwende kwenye mawe ya ufukweni asubuhi maji yakiwa yametulia, mtafute walio hai, mpime papo hapo mkiwa mmevaa glavu na viatu vya mpira, kisha mwarudishe. Ishirini au thelathini watatosha kuanzia, na mtakuwa na hakika ya tarehe yao.